Vipandikizi vya meno kwa mwenye mapengo kadhaa: mwongozo kamili, tangu kinywa kichunguzwe mpaka daraja likazwe

Ukipoteza meno matatu yaliyofuatana, huhitaji vipandikizi vitatu, yaani skrubu tatu za kushika meno bandia ndani ya taya. Mara nyingi viwili vinatosha, kimoja kila mwisho wa pengo, na jino la katikati linakuwa sehemu ya daraja, yaani meno bandia yaliyoungana, lililobebwa na hivyo viwili. Naanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi: mtu anapiga simu kuulizia bei ya kipandikizi kimoja, anaizidisha kwa idadi ya mapengo yake, anashtuka na kukata tamaa. Mwingine anaangukia kliniki iliyo tayari kumzidishia vivyo hivyo.

Mwongozo huu ni wa mwenye mapengo kuanzia mawili mpaka kibogoyo kabisa: aliyeng'olewa magego moja baada ya jingine kwa miaka, aliyeanguka na bodaboda akapoteza meno ya mbele, mzee ambaye meno yamelegea na kutoka yenyewe kwa ugonjwa wa fizi.

## Kinachowekwa ni nini hasa

Kipandikizi, au implanti kama wanavyosema wengi kliniki, ni skrubu ndogo ya titani inayochukua nafasi ya mzizi wa jino. Upana wake kwa kawaida ni kati ya milimita 3.5 na 5, urefu 8 hadi 13. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi hukaa jino lenyewe: kofia ya jino moja, daraja la meno kadhaa, au meno bandia ya kuvaa na kuvua yanayobanwa kwa vishikizo. Ni vitu vitatu, na mara nyingi ni bei tatu. Hilo tutalirudia.

Titani hukubaliwa na mfupa. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliligundua hilo miaka ya 1950 akichunguza mifupa ya sungura: alipotaka kuvitoa vifaa vyake vya titani aliviona vimeshikwa na mfupa. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, na Larsson aliendelea kuvitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Kushikana huko hakutokei siku ya upasuaji. Taya la chini, lenye mfupa mgumu, huhitaji miezi miwili au mitatu. Taya la juu, lenye mfupa mlaini, mitatu hadi sita.

## Kabla ya yote: je, pengo hilo ni lazima lizibwe?

Si lazima. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Uholanzi wameonyesha kwamba mtu mwenye meno ya mbele na magego madogo yanayokutana vizuri juu na chini, jumla kama 20 hivi, anaweza kutafuna na kuishi vizuri bila magego makubwa ya nyuma. Kama umekosa gego la mwisho na la kabla ya mwisho upande mmoja, unakula nyama bila taabu na hakuna anayeliona pengo, pesa yako inaweza kungoja. Anayefaidika zaidi na vipandikizi ni yule anayetafunia meno ya mbele kwa kuwa nyuma hakuna kitu pande zote mbili. Meno ya mbele hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Husagika, hupasuka na kusukumwa nje.

Njia nyingine zipo na zina heshima yake. Meno bandia ya kuvua ni ya bei nafuu na hayana upasuaji, ila yanakaa juu ya fizi, yanacheza unapotafuna, na mfupa ulio chini yake unaendelea kupungua. Daraja la kawaida linaloshikwa na meno yako ya asili linafaa pengo likiwa fupi na meno jirani tayari yanahitaji kofia. Meno jirani yakiwa mazima, kuyachonga ili yabebe daraja ni hasara isiyorudishika. Na kama nyuma ya pengo hakuna jino, daraja la kawaida halina pa kushika upande huo.

## Tibu kinywa kilichopo

Hapa ndipo watu wengi hutaka kupita haraka, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Jiulize meno yako yalitokaje. Kama yalioza au yalivunjika ajalini, sawa. Kama yalilegea yakatoka huku fizi zikivuja damu, bakteria waliokula mfupa wa meno hayo bado wamo kinywani mwako, na watakula mfupa ulioshika titani vilevile. Fizi zisafishwe kwa kina, yasiyookoleka yang'olewe, yaliyotoboka yazibwe, kisha daktari apime tena baada ya miezi miwili au mitatu. Fizi zikiwa bado zinavuja damu, ahirisha. Daktari anayetaka kukupandikizia wiki hiyohiyo katika kinywa chenye ugaga mweupe na usaha ana haraka ya kwake, si yako.

Afya ya mwili nayo isemwe yote bila kuficha. Mwenye kisukari apime HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu. Madaktari wengi hutaka iwe chini ya asilimia 8, na ikiwa karibu na 7 ni bora zaidi. Anayeishi na VVU, anayetumia dawa vizuri na virusi vimefubaa, hazuiwi kuwekewa vipandikizi. Anayetumia dawa za kupunguza damu kuganda, kama warfarini, asiziache kwa uamuzi wake. Daktari wa moyo na wa meno wazungumze. Waliotumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la alendronati na zoledroniki, hasa waliochomwa kwa mshipa kwa ajili ya saratani, na waliopigwa mionzi ya kichwa na shingo, waseme hilo kabla ya jambo lolote, maana kwao mfupa uliokatwa unaweza kukataa kupona. Mjamzito angoje ajifungue. Kijana ambaye taya lake bado linakua naye angoje: meno jirani yataendelea kushuka na kipandikizi kitabaki palepale, mpaka ifike siku kionekane kifupi kuliko wenzake.

Sigara huongeza takriban maradufu uwezekano wa kipandikizi kutoshika. Ugoro, kuberi na tambuu huichokoza fizi palepale zinapowekwa. Mirungi ina shida yake: fundo linalokaa shavuni kwa saa nyingi, kinywa kikavu, na soda au bazoka za kuisindikizia. Asiyeweza kuacha kabisa aache walau wiki kadhaa kabla na miezi ya kupona baada yake, na akubali kwamba hatari yake inabaki juu kuliko ya mwenzake.

Kuna na wanaosaga meno usingizini. Mke au mume wako anajua. Mwambie daktari, kwa sababu idadi ya vipandikizi, aina ya meno na kinga ya kuvaa usiku vitategemea jambo hilo.

## Nani atakufanyia

Usajili ndio wa kwanza kuangaliwa. Kenya, daktari wa meno husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na jina lake linatafutika mtandaoni. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na Uganda lipo baraza lao. Usajili peke yake hauonyeshi ujuzi wa vipandikizi, kwa hiyo uliza: umeshawawekea wangapi daraja la vipandikizi, si jino mojamoja? Nani atapasua na nani atatengeneza meno? Maabara iko wapi? Shule za meno za chuo kikuu cha afya cha MUHAS pale Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi zina wataalamu wa upasuaji wa kinywa na wa meno bandia, na ni mahali pazuri pa kupata maoni ya pili kabla ya kulipa pesa nyingi kliniki binafsi.

Swali ambalo mimi ningelitanguliza mbele ya mengine yote ni hili: skrubu ikilegea miaka kumi ijayo, nani mjini kwetu ana bisibisi yake? Aina za vipandikizi duniani ni mamia, na nyingi haziazimani vipuri. Kliniki zinazotegemea mtaalamu anayeruka kuja mara mbili kwa mwaka, na safari za matibabu za kwenda India au Uturuki, zinaweza kufanya kazi nzuri kabisa ya upasuaji. Tatizo huja baadaye. Ukiamua kusafiri, panga safari mbili kwa uchache, zenye miezi kadhaa katikati, na kabla ya kwenda mtafute daktari wa nyumbani atakayekubali kuitunza kazi ya mwenzake. Wengi hukataa.

## Picha, vipimo na mpango

Eksirei ya kawaida ya taya zima inatosha kuanzia mazungumzo, haitoshi kupasulia. Kwa vipandikizi kadhaa dai skani ya CBCT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha taya kwa pande tatu, ambamo huonekana urefu na upana wa mfupa, mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, na uwazi wa hewa, sinasi, ulio juu ya magego ya juu. Daktari anatafuta nafasi. Kati ya kipandikizi na jino jirani pabaki milimita 1.5, kati ya kipandikizi na kipandikizi milimita 3, na juu ya mshipa wa fahamu milimita 2 za usalama. Mfupa wenye upana wa milimita 6 au zaidi hurahisisha mambo.

Mpango mzuri huanzia kwenye meno na kurudi nyuma kwenye mfupa. Kwanza meno mapya yachorwe kwenye kompyuta au yachongwe kwa nta juu ya umbo la kinywa chako, yaonekane yatakaa wapi, ndipo iamuliwe skrubu zipite wapi. Ukifanya kinyume, unapata skrubu iliyoshika imara mahali ambapo jino halitakiwi kuwapo. Kwa daraja refu, omba kiolezo cha kuongozea keekee, kile kibao cha plastiki chenye matundu kinachovalishwa juu ya fizi wakati wa upasuaji.

Sasa idadi. Magego mawili yaliyofuatana kwa kawaida hupata vipandikizi viwili, kwa sababu huko nyuma nguvu ya kutafuna ni kubwa. Meno mawili ya mbele yaliyo jirani yanaweza kubebwa na kimoja ikiwa nafasi ni finyu, jino dogo likining'inia ubavuni. Matatu yaliyofuatana hupata viwili. Manne ya mbele juu, yale ambayo ajali hupenda kuyachukua kwa mkupuo, hupata viwili pia, kwenye nafasi za meno ya pembeni.

Meno sita ya mbele chini, kutoka chonge hadi chonge, mara nyingi hubebwa na vipandikizi viwili kwenye nafasi za chonge, vikiongezwa vingine ikiwa mtu ana nguvu nyingi za kuuma. Hili linawahusu kwa namna ya pekee wazee wa Kijaluo ambao meno sita ya chini yaling'olewa kwa mila ujanani. Baada ya miaka 50 bila mizizi, ukingo wa mfupa pale umekuwa mwembamba, na skani ndiyo itakayosema kama kuna pa kushika.

Taya la chini lililobaki tupu lina njia mbili. Ya kwanza ni vipandikizi viwili vyenye vishikizo, na meno bandia yanayobanwa juu yake na kuvuliwa usiku. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walitamka kwamba hicho ndicho kiwango cha kuanzia kwa kibogoyo wa taya la chini, badala ya meno bandia yanayoelea. Mimi naona ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa pesa inayotoka: mzee aliyekuwa akila uji anarudi kwenye nyama kwa skrubu mbili tu. Njia ya pili ni meno yasiyovuliwa, juu ya vipandikizi vinne au zaidi. Mtindo wa vinne, viwili vya nyuma vikilazwa kwa pembe ili vikwepe mshipa na sinasi, ulienezwa na daktari wa meno Paulo Maló wa Lisbon, Ureno. Taya la juu huhitaji zaidi kwa sababu ya ulaini wa mfupa: vinne kwa meno ya kuvua, vinne hadi sita au zaidi kwa yasiyovuliwa.

Kuna mambo mawili ya kukataa, au walau kudai yaelezwe. La kwanza ni daraja linaloshika kipandikizi upande mmoja na jino lako la asili upande mwingine. Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini na hucheza kidogo kila unapouma. Kipandikizi hakichezi hata kidogo, kwa hiyo mzigo unakiendea chenyewe, na jino huweza kuzama taratibu. La pili ni meno mawili au matatu yanayoning'inia nyuma ya kipandikizi cha mwisho bila kitu chini yake. Jino moja linaweza kuvumilika, zaidi ya hapo unatafuta skrubu iliyovunjika.

## Mfupa ukiwa hautoshi

Jino liking'olewa, ukingo wa mfupa hupoteza hadi nusu ya upana wake katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea miezi mitatu ya mwanzo. Kwa hiyo ukijua unataka kipandikizi, sema kabla ya kung'olewa. Pengine shimo litajazwa siku hiyohiyo ili lisibonyee. Aliyekaa na pengo miaka mingi anaweza kuhitaji kuongezewa mfupa, na juu nyuma anaweza kuhitaji kuinuliwa ngozi ya sinasi ili mfupa upate nafasi. Hilo huongeza miezi minne hadi tisa na bili nyingine. Wakati mwingine kipandikizi kifupi cha milimita 6 au kilicholazwa kwa pembe humaliza jambo bila kuongeza mfupa, kwa hivyo uliza.

Uliza pia nyenzo zimetoka wapi. Unga wa mfupa unaweza kuwa wa kwako mwenyewe, wa ng'ombe, wa binadamu aliyefariki na kuchangia, au wa maabara. Utando unaofunika unga huo mara nyingi hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Mwislamu na Msabato wana haki ya kulijua hilo mapema na kuomba wa ng'ombe au wa maabara, ambao upo. Usingoje uwe umeshapigwa ganzi. Na kwa anayefunga Ramadhani, upasuaji upangwe mbali na mwezi huo, maana wiki mbili za mwanzo zina dawa za kumeza na kusukutua mchana.

## Bei

Dai makadirio ya maandishi yenye mistari tofauti: skani, kila kipandikizi, kila kiunganishi, kila jino la daraja, meno ya muda, kuongeza mfupa, kiolezo, ganzi ya usingizi kama ipo, na mahudhurio ya mwaka wa kwanza. Tangazo la bei ya chini kabisa mara nyingi ni la skrubu peke yake. Vifaa huagizwa nje na hulipiwa kwa dola, kwa hiyo uliza kama bei imefungwa au itapanda shilingi ikishuka katika ile miezi ya kusubiri. Uliza kipandikizi kisiposhika nani analipa cha pili, na jibu liandikwe. Lipa kwa hatua. Kulipa meno yote kabla skrubu hazijashika hakuna maana. Bima nyingi huviona vipandikizi kuwa urembo, ila skani, kung'oa na kutibu fizi huenda zikaingia, kwa hiyo waulize kipengele kwa kipengele.

## Siku ya upasuaji na wiki zinazofuata

Kula vizuri asubuhi, isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi. Madaktari wengi hutoa dozi moja ya amoksilini ya gramu 2 saa moja kabla; kama penisilini inakudhuru, sema. Ganzi ni ileile ya kung'oa jino. Utasikia mtikisiko na maji baridi, si maumivu. Maji hayo ni ya lazima: mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa, ndiyo maana keekee huzungushwa polepole huku ikimwagiwa maji ya chumvi yaliyo safi. Vipandikizi viwili hadi vinne kwa kawaida huisha ndani ya saa moja au mbili, kisha fizi hushonwa.

Siku ya kwanza uma kitambaa laini cha gozi kwa nusu saa, weka barafu iliyofungwa kitambaani juu ya shavu kwa robo saa na kupumzisha robo saa, lala kichwa kikiwa juu. Usisukutue wala kutema kwa nguvu saa 24 za mwanzo. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, usishtuke. Parasetamoli au ibuprofeni hutosha wengi. Mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu akae mbali na ibuprofeni. Kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye chumvi, au klorheksidini kama umepewa, ambayo hupaka meno madoa ya kahawia, zaidi kwa mnywa chai ya rangi. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10.

Chakula kiwe uji, mtori, viazi vya kuponda, wali laini na maharage yaliyoiva sana, mayai, samaki asiye na miiba. Mahindi ya kuchoma, miwa, karanga na mishkaki visubiri. Aliyeinuliwa sinasi asipenge kamasi wiki mbili, na akipiga chafya afungue mdomo.

Midomo au kidevu vikibaki na ganzi mpaka kesho yake, piga simu asubuhi hiyohiyo, usingoje siku ya miadi. Huenda kipandikizi kinabana mshipa wa fahamu, na kikitolewa au kurudishwa nyuma ndani ya saa 36 hivi uwezekano wa hisia kurudi ni mkubwa. Baada ya wiki ni habari nyingine. Damu isiyokoma, homa, na uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu navyo si vya kuvumilia.

Wakati wa kusubiri hutakaa na pengo mbele za watu. Hupatikana meno ya muda ya kuvua au yaliyogandishwa kwenye majirani. Muhimu yasikandamize fizi juu ya kipandikizi. Kuna wanaopewa daraja la muda siku hiyohiyo, hasa taya zima, vipandikizi vikiwa vimekazwa kwa nguvu ya angalau niutoni-sentimita 35 na kuunganishwa pamoja. Huko ni kuvaa meno, si kuyatumia: chakula laini kwa miezi miwili au mitatu. Wengi husahau kwa sababu hakuna kinachouma.

## Kuweka meno yenyewe

Mfupa ukishashika, daktari hufungua fizi kidogo kama zilifunikwa, hupima uimara, huchukua umbo la kinywa, na maabara hutengeneza daraja. Omba kulijaribu kabla halijakamilishwa.

Daraja linaweza kukazwa kwa skrubu au kugandishwa kwa saruji ya meno. Palipo na meno kadhaa mimi ni wa skrubu. Linafunguka, linasafishwa, linarekebishwa na kurudishwa. Saruji hufichika chini ya fizi, na mabaki yake ni chanzo kinachojulikana cha uvimbe na mfupa kuliwa. Kasoro ya skrubu ni kitundu kinachozibwa kwa rangi ya jino, na kwa meno ya mbele pembe ya kipandikizi huenda isiruhusu. Kuhusu nyenzo, zirkonia, aina ya kauri, ni ngumu na nzuri ila ikipasuka haitengenezeki hapo kitini; akriliki, aina ya plastiki, husagika mapema ila hukarabatiwa kwa bei ndogo. Mwenye kusaga meno avae kinga usiku kwa vyovyote.

Kuhusu rangi, kwa waliokulia Arusha, Meru, Kilimanjaro au Bonde la Ufa kule Nakuru na Naivasha, maji yenye floraidi nyingi yameyapa meno yao kahawia na mabaka. Daraja jeupe kama karatasi katikati ya meno hayo hutangaza kwamba ni bandia. Ama maabara iige mabaka, na fundi hodari huweza, ama meno ya asili yasafishwe rangi kwanza kisha daraja lifuate. Kubadili baadaye hakuwezekani, kwa sababu dawa ya kung'arisha haigusi zirkonia.

Daraja likikazwa, uma karatasi ya rangi mpaka daktari aridhike kwamba haliumwi kwa nguvu kuliko meno mengine. Kisha pitisha mwenyewe brashi ndogo ya katikati ya meno chini yake mbele ya daktari. Isipopita, daraja halijamalizika, lirudi maabara. Usione haya kulisema hilo.

Usiondoke bila kadi: jina la mtengenezaji, aina, upana na urefu wa kila kipandikizi, namba za toleo zilizobanduliwa kwenye paketi, aina ya kiunganishi, tarehe. Ipige picha, itume kwa mtoto wako.

## Kuishi navyo

Titani haiozi, fizi zinaumwa. Mswaki laini mara mbili kwa siku, brashi ya katikati au uzi mnene chini ya daraja kila usiku. Mswaki wa mti unasaidia nje, ila haufiki chini ya daraja. Kwa daktari kila miezi sita, na kila mitatu au minne kwa aliyewahi kuugua fizi, pamoja na eksirei ndogo kila mwaka ili kulinganisha kimo cha mfupa. Kwa wanaofuata hayo, zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa bado vinafanya kazi baada ya miaka kumi. Daraja lenyewe huchoka mapema zaidi, kwa hiyo weka akiba ya kulibadilisha.

Ukisikia daraja linacheza, acha kutafunia upande huo na nenda wiki hiyohiyo. Mara nyingi ni skrubu imelegea, kazi ya dakika chache. Likiachwa licheze, skrubu huvunjika ndani, na kuitoa kipande kwa kipande ni kazi ya mtaalamu. Fizi zikivuja damu ukipiga mswaki bila mfupa kupungua, usafi wa kina hurudisha hali. Usaha na mfupa unaoshuka huhitaji upasuaji. Kipandikizi chenyewe kikicheza ndani ya mfupa hakiponi: hutolewa, mfupa hupewa miezi miwili mitatu, skani hurudiwa, na kabla ya kuweka kingine daktari akueleze kwa nini cha kwanza kilishindwa.